WATOTO WASILIPE DENI LETU

Somo kuu: 2 Wafalme 4:1-7
Soma pia: Nehemia 5:1-13; Kumbukumbu la Torati 24:6, 10-13

 

Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze juu ya deni. Tunazungumza hasa na wazazi ambao wao wenyewe bado ni wanafunzi: mama anayesomea ualimu au uuguzi huku ana watoto watatu nyumbani, baba anayejifunza ufundi huku jina lake limeandikwa katika daftari la duka, na mzazi aliyeanza masomo kwa imani kisha akajikuta hana karo, hana unga, na wadai wanabisha mlangoni. Wengi wao wako kimya. Wanakuja ibadani, wanaimba pamoja nasi, halafu wanarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili wasipite mbele ya duka. Neno la Mungu halikukaa kimya juu ya watu wa namna hii.

Mjane wa mwanafunzi

Mwanamke tunayesoma habari zake katika 2 Wafalme 4 alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii. Wana wa manabii walikuwa watu walioishi na kujifunza chini ya manabii. Kwa lugha yetu ya leo tungesema ni watu wa chuo cha Biblia. Maandiko yanatuonyesha jinsi walivyoishi. Katika sura hiyo hiyo ya 4 tunawakuta wakati wa njaa wakipika matango ya porini, na chungu chote kikawa na sumu. Katika sura ya 6 wanakwenda kukata miti ili wajenge mahali pa kukaa, na shoka linapozama mtoni mwenye kulitumia analia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Hawa ndio wanafunzi wa Elisha: wanakula majani ya porini na kufanya kazi kwa vyombo vya watu.

Basi mume wa mwanamke huyu alikufa akiwa na deni. Mkewe anashuhudia kwamba alikuwa mtu wa kumcha Mungu. Tusipite hapo haraka. Kuna watu wanaosema kwamba mwenye deni amelaaniwa au imani yake ni ndogo. Maandiko yanamweka mbele yetu mcha Mungu aliyeacha deni, na Elisha hakumshutumu hata kwa neno moja.

Lakini jambo lililomtoa mama huyu nyumbani ni watoto. Mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Wakati wa Nehemia vivyo hivyo, watu waliokopa kwa ajili ya chakula na kodi waliona wana wao na binti zao wakitiwa utumwani.

Je, kwetu jambo hili halipo? Lipo, ila limevaa nguo nyingine. Mtoto anaondolewa shuleni akachunge ng'ombe za mtu ili deni lipungue. Binti anaozwa mapema kwa sababu mahari itatosha kumnyamazisha mdai. Mama anakimbia usiku kwenda Kampala, na watoto wanaachiwa bibi yao asiye na nguvu. Deni la mzazi limelipwa na mtoto. Hilo ndilo tunalosema leo kwamba lisifanyike kati yetu.

Tumefikaje hapa?

Si wote walioingia katika deni kwa uzembe. Makambi haya ya Nakivale yamepokea wakimbizi tangu mwaka 1958, na kwa miaka mingi familia nyingi zilijua kwamba hata mambo yakiwa magumu mgao wa chakula utakuja. Mwaka 2020 mgao ulishushwa hadi asilimia 70. Mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Kuanzia Julai 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu: kundi la kwanza likapewa asilimia 60, la pili likapewa asilimia 30, na la tatu likaondolewa kabisa. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja katika Uganda walitolewa katika msaada huo kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua.

Mzazi aliyepanga masomo yake akitegemea kwamba watoto watakula mgao, hesabu yake ilivunjwa katikati ya safari. Fedha za karo zikawa unga. Unga ulipokwisha akakopa dukani. Duka lilipokataa akakopa kwa mtu wa riba. Hivyo ndivyo watu wengi walivyofilisika, hatua kwa hatua.

Sasa tuone nabii alimwongoza mama yule vipi.

1. Sema deni lako, na uhesabu ulicho nacho

Mama alimlilia Elisha waziwazi. Elisha naye alimwuliza mambo mawili: amfanyie nini, na ana kitu gani nyumbani. Mama akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Mara nyingi sisi huishia pale pa kusema hatuna kitu. Lakini alipoulizwa ndipo alipokumbuka ile chupa.

Kwa hiyo, mpendwa, chukua daftari. Upande mmoja andika kila unayemdai na kila anayekudai, kiasi gani, na tangu lini. Upande wa pili andika ulicho nacho: kipande cha shamba, cherehani, kuku, ujuzi wa kusuka nywele, siku mbili za juma ambazo huna masomo. Yesu naye alifundisha katika Luka 14:28 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza apige hesabu. Imani haikatazi hesabu.

Tena tazama kwamba watoto walikuwamo ndani mlango ulipofungwa, nao walimletea mama yao vyombo. Walijua hali ya nyumba. Waambie watoto wako ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto anayejua kwa nini hakuna sukari ana amani kuliko mtoto anayesikia mdai akipiga kelele nje na hajui ni kwa nini.

2. Lipa, na uishi

Elisha alimwambia auze mafuta, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Hapa ndipo kiini cha somo letu. Mungu hakumpa mafuta ya kulipa tu wala ya kula tu. Anayelipa wadai kila kitu akawaacha watoto na njaa, baada ya wiki mbili atakopa tena. Naye anayekula kila kitu akawakwepa wadai, Zaburi 37:21 inamwita kwa jina baya. Hesabu ya mkristo ina sehemu zote mbili.

Tuchukue mfano. Mama mwanafunzi anapata shilingi 160,000 kwa mwezi kwa kushona na kuuza mboga. Chakula ni 80,000. Karo na madaftari, anaweka 25,000. Nauli 15,000. Mkaa, sabuni na chumvi 15,000. Jumla ni 135,000. Zinabaki 25,000. Katika hizo anaweka 5,000 kwa ajili ya ugonjwa, na 20,000 ni za deni.

Anadaiwa 300,000: duka 60,000, kikundi cha akiba 90,000, na jirani 150,000. Akimpa 20,000 yule anayepiga kelele zaidi, wengine wawili watakasirika. Afadhali awaendee wote na daftari lake mkononi, aombe riba isimame, na amlipe kila mmoja kwa kadiri ya deni lake: duka 4,000, kikundi 6,000, jirani 10,000. Kwa miezi kumi na tano yote matatu yatakuwa yamekwisha. Ni muda mrefu, ndiyo, lakini una mwisho.

Hata sheria ya nchi inafanana na hili. Sheria ya kufilisika ya Uganda ya mwaka 2011 inampa mtu aliyelemewa na madeni nafasi ya kupatana na wadai wake. Wachache wetu watafika mahakamani kwa deni la namna hii, lakini mapatano yanaweza kufanywa chini ya mti, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mzee wa kanisa, yakaandikwa, na kila mmoja akatia sahihi.

3. Usimwage chupa ya mwisho

Wengine wanatuuliza: je, niache masomo? Hatuwezi kuwajibu wote jibu moja. Ila tunasema hivi: ile chupa ya mafuta ilikuwa kitu kidogo kilichobaki, na kwa hicho Mungu aliiokoa nyumba nzima. Pengine masomo yako ndiyo chupa hiyo. Usiyatupe kwa hofu ya siku moja.

Nenda ofisini kwa chuo kabla ya siku ya mtihani. Omba kwa barua kulipa kidogo kidogo. Ikishindikana, omba kuahirisha muhula na upate karatasi yake. Anayeahirisha kwa barua anaweza kurudi na kuendelea pale alipoachia, lakini anayeondoka kimya mara nyingi hupoteza na nafasi na karo aliyokwisha kulipa. Na fedha za masomo ulizopewa na mfadhili usizigeuze mtaji wa biashara. Zina kazi yake, nawe utaulizwa.

Neno kwa wanaokopesha

Wapendwa, wengine kati yetu ni wadai, na wanasoma ukurasa huu. Torati inasema katika Kumbukumbu la Torati 24 kwamba usichukue jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani, kwa maana ni uhai wake. Tena unapokwenda kuchukua rehani usiingie nyumbani mwake, simama nje akuletee mwenyewe. Na ukichukua nguo ya maskini, umrudishie kabla jua halijachwa ili apate kulala.

Kadi ya chakula ndiyo jiwe la kusagia la mkimbizi. Kuishika kadi ya mjane mpaka alipe ni kushika chungu cha watoto wake. Tunawasihi katika Bwana, warudishieni kadi zao, halafu mkae mpatane. Mjue pia kwamba sheria ya mwaka 2016 inamtaka kila mfanyabiashara wa mikopo awe na leseni, na mwaka 2024 serikali iliweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji hao, isizidi asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 100,000 hiyo ni 2,800 kwa mwezi. Anayedai nusu ya mkopo kuwa riba amewaonea maskini, nao wakimlilia Mungu atasikia.

Neno kwa kanisa

Mama yule aliambiwa aazime vyombo kwa majirani, wala si vichache. Majirani hawakumlipia deni, ila bila vyombo vyao mafuta yasingekuwa na mahali pa kuingia. Hii ni kazi tunayoiweza hata sisi tusio na fedha. Mama mmoja awatunze watoto wa mwenzake siku ya masomo. Mwenye cherehani aiazime jioni. Anayekwenda sokoni Rwekubo abebe na mboga za aliye darasani Mbarara.

Tena sisi viongozi tusimwaibishe mwenye deni kwa sababu sadaka yake ni ndogo. Bwana wetu katika Marko 7 aliwakemea waliotoa kwa Mungu mali iliyowapasa kuwasaidia wazazi wao. Fedha ya unga wa mtoto ikiletwa kwenye kapu kwa hofu ya macho ya watu, Mungu hapendezwi nayo. Mwenye deni atoe kidogo kwa furaha, amlipe jirani yake, awalishe wanawe. Siku deni likiisha tutamshukuru Bwana pamoja naye.

Ndugu, mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Biblia haisemi mama yule alitajirika. Inatuonyesha kwamba deni lilipata njia ya kulipwa na wanawe wakabaki nyumbani. Kwa familia nyingi za hapa, huo ni muujiza wa kutosha kuuomba mwaka huu.

Tuombe

Ee Baba yetu, unawajua wanaokwepa njia kwa sababu ya deni. Wape ujasiri wa kusema na hekima ya kuhesabu. Lainisha mioyo ya wanaodai. Uwalinde watoto wetu wasichukuliwe wala kuozwa kwa ajili ya makosa au shida zetu. Wakumbuke wazazi wanaosoma usiku kwa taa ndogo. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika seli

1. Ni kitu gani kidogo kilichobaki katika nyumba yetu ambacho tumekisahau?
2. Tunamdai nani, na je, tumeshika kitu ambacho ni uhai wake?
3. Katika seli yetu kuna mzazi gani anayesoma? Juma hili tutamwazima chombo gani?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.
Ni sisi watumishi wenu katika shamba la Bwana.