Swali Hilo Linahusu Kazi?

Hapa Malaba kuna swali ambalo mtu huulizwa kabla hajavuta kiti: "Wewe ni wa wapi?" Mwenye hoteli anauliza, dereva wa trela anauliza, mama wa chapati anauliza. Si tusi. Huu ni mji wa wapita njia, na Wateso wenyewe wana ndugu pande zote mbili za mto, Tororo huku na Busia kule, kwa hiyo kumuuliza mtu kwao ni namna ya kumkaribisha. Hata mimi nauliza. Lakini swali hilohilo likitoka kwa mtu anayeamua kama nitapata kazi au nitarudi bure, linakuwa jambo lingine. Inawezekanaje maneno yaleyale yawe adabu mdomoni mwa jirani na yawe kosa mdomoni mwa mwajiri?

Jibu langu ni kwamba tofauti haiko kwenye maneno. Iko kwenye uhuru wa kutojibu. Mama wa chapati nikimwambia, "Natoka mbali, mama," atacheka na chapati atanipa, maana pesa yangu ni pesa. Nikimjibu hivyo mtu aliyeshika kazi ninayoihitaji, nimeshaanza kuonekana mkaidi. Swali ambalo huwezi kulikwepa bila kuadhibiwa limekaribia kuwa amri. Na anayetoa amri inambidi awe na sababu.

Wengine wetu tulivuka mpaka huu mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Serikali ya Uganda na mashirika walitupokea Mulanda, hapa Tororo, na baadaye mwaka huo wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Njiani kulikuwa na vizuizi, na vijana waliovisimamia walitaka vitambulisho, kwa sababu kwetu jina la mtu linatangaza kabila lake. Majirani tuliowapata makambini wana yao. Waliotoka Rwanda wanakumbuka kwamba mwaka 1994 kabila lilikuwa limeandikwa kabisa kwenye kitambulisho, na kwenye kizuizi neno hilo moja liliamua nani apite na nani asipite. Sasa mtu wa namna hiyo akikaa mbele ya meza na kuulizwa, "Wewe kabila gani?", mwenye kuuliza huenda hana ubaya wowote. Lakini sikio la anayeulizwa limeshawahi kulisikia swali hilo barabarani.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wakimbizi tunalibeba bila kulitazama vizuri. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataja sababu tano za mateso zinazompa mtu haki ya hifadhi: rangi au asili, dini, utaifa, kundi la kijamii, na maoni ya kisiasa. Sasa fungua Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 mahali inapokataza ubaguzi. Utakuta rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, taifa au jamii mtu atokako, virusi vya UKIMWI, ulemavu. Ile ya Kenya ya 2007 inaongeza mengine kama lugha na ujauzito, na inasema wazi kwamba inamlinda hata anayetafuta kazi, si aliyeajiriwa tu. Ukiziweka karatasi hizi pamoja, orodha zinakaribiana sana.

Hiyo si bahati. Mambo yanayoweza kumfanya mtu afukuzwe kwao ndiyo yanayoweza kumnyima mkate ugenini. Ila kuna tofauti kubwa. Kwenye ofisi ya hifadhi mambo hayo ndiyo kiini cha mahojiano, na usipoyasema faili lako linakosa uzito. Kwenye intavyu ya kazi mambo hayohayo hayatakiwi kuamua lolote. Mkimbizi amekaa kwenye kiti cha kwanza mara nyingi, akafundishwa kwamba kunyamaza ni kuficha. Halafu anakwenda kukaa kwenye kiti cha pili na utiifu uleule. Anaulizwa kuhusu kupanga stoo, anajibu kuhusu nyumba iliyochomwa.

Nimeliona hilo. Niliwahi kuomba kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara mmoja wa upande huu wa Uganda. Alikuwa mtu mpole. Akaniambia, "Hebu tueleze, huko kwenu mlifanyiwa nini hasa?" Nikamjibu, "Mzee, hayo ni marefu. Lakini naweza kukuonyesha ninavyoweka hesabu za bidhaa zinazoingia na zinazotoka." Akatazama daftari langu, akarudi palepale: nani alitufukuza, tulipoteza nini. Kazi alipewa mwingine. Sikuona chuki kwake, niliona huruma. Ila huruma yake ilikuwa inadai malipo, na malipo yenyewe ni hadithi yangu. Ndugu zetu wa mashirika, ninyi pia mnatuhurumia, kwa hiyo sikilizeni hapa. Kama nafasi imetengwa kwa wajane au kwa watu wenye ulemavu, hilo liulizwe kwenye fomu ya pembeni na mtu mwingine, kabla ya intavyu. Jopo linalopima kazi lipime kazi.

Mwajiri naye ana neno lake, na si neno la kijinga. Malaba ni mpakani. Mfanyabiashara anampa kijana mamilioni ya shilingi akalipe ushuru wa mzigo. Kijana akivuka daraja, ameingia nchi nyingine. Polisi wa huku hawamfuati kule hivihivi. Ndiyo maana mwajiri anauliza ukoo na kabila: ukoo ndio dhamana yake. Mtu wa hapa akiiba, wazee wake wanajulikana. Mkimbizi akiiba, utamdai nani?

Hofu hiyo naiheshimu, ila swali lake halimsaidii. Kabila halijawahi kurudisha pesa ya mtu. Anayerudisha ni mtu anayefahamika na watu fulani kwa mambo fulani. Basi uliza hilo: "Nani amewahi kukuachia pesa au mali? Naweza kuongea naye?" Na mkimbizi akikutajia mwenyekiti wa bloku, mwalimu, imamu au mchungaji wa kambini, ukubali, kwa sababu bosi wake wa zamani huenda yuko ng'ambo ya vita. Kama bado una shaka, anza naye na pesa kidogo, uongeze polepole. Ila siku za majaribio zilipwe. "Kaa wiki mbili tukuone" bila senti si majaribio, ni kazi ya bure.

Mwajiri ana haki pia ya kuuliza kama ninaruhusiwa kufanya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa. Ukivuka daraja kwenda Kenya, kanuni na karatasi ni nyingine. Kwa hiyo "Una karatasi za kufanya kazi upande huu?" ni swali halali. Nionyeshe kipande changu, yaishe. "Ulikimbia nini?" ni swali jingine kabisa.

Kuna kesi ngumu zaidi, ya mkalimani. Wengine watasema hapa kabila lazima liulizwe, maana mama aliyeteswa na watu wa kundi fulani hawezi kufungua moyo mbele ya mtu wa kundi hilo. Ni kweli anaweza kuogopa. Lakini mwenye haki ya kusema "simtaki huyu" ni yule mama, siku ya kuhojiwa kwake, na aulizwe hivyo kwa faragha. Mkalimani anayeomba kazi aulizwe lugha anazozijua na azionyeshe. Kisha aulizwe, "Kuna watu ambao unajua huwezi kuwatafsiria kwa haki?" Swali hilo linampima dhamiri. Kabila lingepima tu mahali alipozaliwa.

Na dada zetu je? Mwanamume haulizwi kama ameoa na anapanga kuzaa lini. Mwanamke anaulizwa, tena wakati mwingine kwa sauti inayotafuta kitu kingine. Tangu 2002 mashirika ya misaada yana kanuni ya pamoja inayokataza kubadilishana kazi, pesa au huduma kwa ngono. Anayeuliza "Bwana yuko wapi?" kwenye intavyu ajue kwamba dada anayemsikiliza anapima hatari, hasikii mazungumzo.

Basi, ukiulizwa swali baya, unaruhusiwa kudanganya? Wanafalsafa waligombana juu ya jambo kama hili mwaka 1797. Mfaransa Benjamin Constant alisema ukweli tunamdaiwa yule tu aliye na haki nao. Mjerumani Immanuel Kant akakataa: hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, usiseme uongo. Kwenye kizuizi cha barabarani niko na Constant, na sidhani kuna aliyepita pale atakayenipinga. Lakini meza ya intavyu si kizuizi. Pale mara nyingi kuna njia ya tatu: kurudisha swali kwenye kazi. "Samahani mzee, hilo linahusu vipi kazi hii? Nikielewa nitakujibu vizuri." Tena uongo unamgharimu mkimbizi kuliko watu wengine. Maisha yetu yamo kwenye mafaili, na jina moja likitofautiana kwenye karatasi mbili, utalieleza miaka.

Najua mwenye njaa hawezi kila mara kumrudishia bosi swali. Ndiyo maana mzigo huu siuweki kwa anayeomba kazi. Ni wa anayeuliza, kwa sababu yeye ndiye asiyepoteza kitu. Nawapa waajiri na mashirika zoezi dogo. Kabla ya kumwita mtu, andikeni maswali yote. Mbele ya kila swali andikeni ni sehemu gani ya kazi linaipima. Penye pengo, futeni. Halafu mwambieni mtu mshahara ni kiasi gani na jibu litatoka siku gani, naye mpeni nafasi ya kuuliza yake. Mimi kabila langu sijalitaja popote hapa, na nadhani mmenielewa.