Kupunguza kwa Faida ya Nani?

Ukiingia katika chumba kitupu, huwezi kujua kwa kutazama tu kama mwenye chumba amekosa au amekataa. Kuta nyeupe, sakafu ya mawe na dirisha moja vinaweza kuwa vya hohehahe, vya mtawa, au vya tajiri aliyelipa fedha nyingi ili macho yake yapumzike. Utupu wenyewe hauna ushahidi wa kutoa. Kwa hiyo anayeusifu uchache kuwa ni fadhila na anayeubeza kuwa ni ubahili, wote wawili wamehukumu mapema. La kuuliza kwanza ni hili: kitu kinapoondolewa, kinapisha nini?

Alberto Campo Baeza, msanifu majengo wa Hispania, amekuwa akilijibu swali hilo kwa zege, mawe na kioo kwa zaidi ya miaka 40. Alizaliwa Valladolid mwaka 1946, na alipofikisha umri wa miaka miwili familia yake ikahamia Cádiz, mji wa kusini ambao Bahari ya Atlantiki imeuzunguka karibu pande zote. Hupenda kusimulia kwamba huko ndiko alikouona mwanga. Alisomea usanifu katika chuo cha Madrid, akapitia mikononi mwa Alejandro de la Sota, mwalimu aliyekuwa hodari wa kufuta kila mstari usio na kazi, na mwaka 1986 akawa profesa katika chuo hichohicho. Mwaka 2020 akatunukiwa Tuzo ya Taifa ya Usanifu Majengo. Wakosoaji wamemweka katika kundi la waminimalisti, yaani wafuasi wa uchache, lakini yeye jina hilo halitaki.

Sababu ya kulikataa ni ya kifalsafa. Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani, ndiye aliyeipa umaarufu kauli kwamba kichache ndicho kingi. Campo Baeza ameigeuza: yeye anatafuta kingi kwa kichache. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inabadilisha hesabu nzima. Uchache ukiwa ndio lengo, kila unachokiondoa ni ushindi, na mwisho wa safari ni kutokuwa na kitu. Uchache ukiwa njia, kila unachokiondoa kinadai maelezo, na usipoweza kuyatoa ni bora ukirudishe mahali pake. Msanifu wa aina ya kwanza hawezi kujua wapi pa kusimama. Wa pili anasimama pale faida inapokoma.

Nyumba ya Gaspar, iliyojengwa Zahora katika mkoa wa Cádiz mwaka 1992, inaonyesha hesabu hiyo waziwazi. Mteja alitaka faragha kamili. Msanifu akachora mraba wa mita 18 kwa 18, akauzungushia kuta za mita 3.5, kisha akaugawa katika sehemu tatu zilizo sawa na kuezeka ile ya kati tu. Mbili zilizobaki ni nyua zilizo wazi kwa mbingu. Vioo vinne, kila kimoja mita mbili kwa mbili, vinaunganisha ndani na nje, na sakafu ya mawe inapita bila kukatika kutoka ua hadi sebule hadi ua. Kuna milimau minne iliyopandwa kwa ulinganifu, na kidimbwi cha maji. Kilichoondolewa hapo ni mandhari yote ya nje: hakuna shamba la jirani wala barabara ya kutazama. Kilichopatikana ni kwamba theluthi mbili za nyumba zisizo na paa zimekuwa vyumba kamili, na mbingu imekuwa dari lake. Mkaaji amenyimwa kitu kimoja, akapewa kikubwa zaidi.

Anachokitafuta Campo Baeza kwa kupunguza kote huko ni mwanga. Kwake mwanga ni malighafi kama lilivyo jiwe, wenye kupimwa na kuelekezwa. Hufundisha kwamba usanifu una nguzo mbili: uzito, unaoumba nafasi, na mwanga, unaoumba wakati. Nadharia hiyo inaeleweka vizuri zaidi Granada, katika makao makuu ya benki ya akiba yaliyokamilika mwaka 2001. Ni mchemraba mkubwa wa zege wenye ua wa ndani uliofunikwa, na paa limebebwa na nguzo nne nene ajabu, kila moja ikiwa na kipenyo cha karibu mita 3. Jua la Andalusia huingia kupitia matundu ya paa, likagonga kuta za ndani zilizofunikwa kwa alabasta, na kurudishwa likiwa laini kuelekea ofisi zilizouzunguka ua. Karani aliyeketi pale hahitaji saa ya ukutani ili ajue kuwa mchana umesogea. Mwanga haulipiwi, lakini una sharti: lazima uachiwe mahali pa kutua. Ukuta uliojaa mapambo umekwisha kukodishwa.

Hata hivyo, kupunguza kuna hatari yake, na wahenga waliiona: kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Anayebeba anahisi wepesi, kumbe mwenye mali anapoteza. Miji mingi ya leo imejaa majengo ya namna hiyo. Yamenyang'anywa upenu, kibaraza, kivuli na dari la juu, kisha yakaitwa ya kisasa. Mwekezaji amepata wepesi, mpangaji amepata joto. Ukiyaweka kwenye picha kando ya nyumba ya Gaspar, huenda yakafanana. Ukiishi ndani yake mwezi mmoja, hutayafananisha tena.

Kosa lingine ni kudhani kwamba kilicho rahisi kutazama kilikuwa rahisi kujenga. Pambo la kona huficha ufa, na ubao wa chini ya ukuta huficha lipu iliyopinda. Ukiviondoa, ukuta unabaki mtupu mbele ya macho na fundi hana pa kujificha. Mabomba, nyaya na mifereji ya mvua navyo havitoweki, bali huzikwa ndani ya unene wa ukuta na watu waliopima mara nyingi kabla ya kukata. Nyumba tulivu imebeba jasho lisiloonekana, na haki inataka tulihesabu jasho hilo tunapousifu utulivu wake.

Pingamizi kubwa zaidi ni la kitabaka. Mwaka 2014 Campo Baeza alimaliza Nyumba ya Infinito mbele ya Atlantiki, kusini kabisa mwa Hispania, si mbali na magofu ya mji wa Kirumi wa Baelo Claudia. Ni jukwaa la mawe ya travatini, upana mita 20 na urefu mita 36, na vyumba vimechimbwa chini yake. Aliyesimama juu ana jiwe miguuni na bahari mbele yake. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ili upate utupu wa namna hiyo, lazima kwanza uwe na kiwanja, ufuo na fedha. Asiye navyo hana fursa ya kukataa chochote. Tusimwambie aliyekosa kitanda kwamba amefikia falsafa ya uchache.

Pingamizi hilo linagusa nani anayeweza kujenga, wala halibatilishi kipimo chenyewe, yaani kuuliza kilichoondolewa kimepisha nini. Kipimo kinafaa zahanati na darasa kama kinavyofaa jumba la ufukweni: mwanga ulioelekezwa vizuri huangaza hata ukuta wa tofali la bei ya chini. Basi tuhukumu kila jengo kwa kipimo hicho. Uchache unaomwongezea mkaaji nafasi, mwanga na utulivu ni hekima. Uchache unaomwongezea faida mwenye mradi peke yake ni upungufu, hata ukipakwa rangi nyeupe na kupigwa picha za magazetini.