Mlinzi Asiye na Tamaa



Wengi wetu wa mwambao tuna jamaa waliokwenda Busia na Malaba kutafuta riziki. Huko mpakani malori yatokayo Mombasa husimama safu yakingoja kuingia Uganda, na baadhi yake yamechukua chumvi ya kwetu, ya Gongoni na Marereni. Mwaka 2018 Busia ilizinduliwa rasmi kituo cha pamoja, ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Ni jambo jema. Lakini jengo haliondoi tamaa moyoni mwa mtu.

Tuitazame chumvi hiyo. Imeungana kwa sodiamu na klorini. Kila atomu ina elektroni zake, na baadhi ya atomu huvuta elektroni za wenziwe kwa nguvu. Mwaka 1932 Linus Pauling wa Marekani aliiwekea nguvu hiyo kipimo: florini, ishindayo zote, ni karibu 4, klorini ni 3.2, sodiamu ni 0.9 tu. Klorini huichukulia sodiamu elektroni moja, kisha zikashikamana. Basi kuhitaji si aibu. Kwa haja vitu huungana, kama muuzaji na mnunuzi.

Lakini Mola ameumba na gesi zisizovuta cha mtu. Mwaka 1894 Rayleigh na Ramsay wa Uingereza waligundua mojawapo hewani, wakaiita agoni, maana yake kwa Kiyunani mvivu. Tabaka yake ya nje imetimia elektroni 8, haina ipungukiwacho. Je, haina kazi? La! Fundi aungaye aluminiamu huizungushia agoni, ili oksijeni isiule ule moto wa chuma. Hailindi kwa ubavu. Hulinda kwa kuwa haitaki chochote cha inachokilinda.

Hapa pana mazingatio. Tunapochagua wa kumkabidhi mali ya yatima, hazina ya msikiti, au muhuri wa mpakani, twauliza nasaba na ufasaha wake. Tuulize kwanza: je, nafsi yake imetosheka? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa huo ndio utajiri wa kweli.

Wala mwema asijiamini mno. Miaka mingi wataalamu walisema gesi hizi haziungani na kitu. Mwaka 1962, huko Vancouver, Kanada, Neil Bartlett aliikutanisha zenoni, mojawapo ya gesi hizo, na mchanganyiko wa platini na florini. Zenoni ikasalimu amri. Asiseme mtu, “Mimi hongo hainigusi,” naye huketi nayo kila siku.

Na sisi wafanya biashara tunyoshao noti dirishani, kisha tukamlaumu karani kuwa mla rushwa, sisi ndio florini. Tunaivuta amana kifuani mwake. Mtume (s.a.w.) amewalaani wote wawili, mtoaji na mpokeaji.

Mwenyezi Mungu atujaalie nafsi zilizotosheka, na mikono isiyowaponza wenzetu. Amin.