Shujaa Hukubali Kuonywa

Wajukuu zangu wa Kamituga, nimechoka, lakini sijachoka kiasi cha kunyamaza. Siku hizi hapa mjini neno shujaa linagawiwa ovyo. Kijana amepata dhahabu, akanywesha mtaa mzima pombe hadi asubuhi, mnamwita shujaa. PDG, yaani mwenye shimo la dhahabu, ambaye watu wake wanashuka shimoni bila mbao za kutosha kuzuia udongo, naye shujaa, kwa kuwa akipita kila mtu anasimama kumsalimu. Na yule aliyeteremka kutoka porini na bunduki begani mnamshangilia kuliko wote, hata kama jana alimnyang'anya mama mmoja unga wake njiani. Ketini basi, tuzungumze taratibu.

Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo. Mwaka 1956 Shekarisi Rureke aliusimulia, akiimba na kucheza, siku baada ya siku, na Mbelgiji Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake wakauandika. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema. Baba yake, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hakufa. Alipita maji, akapita kuzimu, akamshinda baba yake na kumsamehe. Baadaye akaliua dubwana Kirimu lililokuwa likimeza watu.

Nawajua ninyi: hapo mngeikata hadithi mkapiga makofi. Wazee wa Kinyanga hawakuikata hapo. Kirimu na Nkuba, mwenye radi, walikuwa marafiki waliochanjiana damu, na majivuno ya Mwindo yalikuwa yamezidi. Nkuba akashuka akamchukua hadi juu mbinguni. Mwaka mzima alikaa huko. Mvua ikampiga, Jua likamchoma, kila mmoja akimkaripia kwa kujisifu, na hakuwepo wa kumtetea. Aliporudi kijijini alikuja na mafundisho kwa watu wake: walime mazao ya kila aina, waache ugomvi, wasimcheke mlemavu anayepita. Kwangu mimi, utawala wake unaanzia hapo. Nguvu alikuwa nazo tangu kuzaliwa, kusikia alifundishwa.

Sisi Warega nasi tulikuwa na njia yetu ya kupata heshima, bwami. Mtu alipanda cheo kwa cheo hadi kindi, cha juu kabisa. Mali ilihitajika, sitawadanganya, na ilikuwa mali nyingi. Lakini hakuna aliyeikusanya peke yake. Ilitoka kwa ndugu, kwa wajomba, kwa marafiki, na aliyewadharau hakumpata wa kumchangia. Mke wake naye alipandishwa pamoja naye. Mafundisho yalikuwa methali, ngoma na sanamu ndogo za pembe za ndovu, na sehemu kubwa ilihusu tabia: ulafi, matusi, ugomvi, uzinzi. Wabelgiji waliipiga marufuku wakiiona ni hatari kwa utawala wao. Vinyago vingi vimekwenda kukaa katika makumbusho ya Ulaya, na vijana wetu wamebaki wakitafuta heshima kwenye mtutu wa bunduki.

Msiseme hayo ni ya kale. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, hapo Bukavu, dunia ilimpa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Mimi nilimhesabu kuwa shujaa mapema zaidi. Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake kumuua. Yeye akapona, mtu aliyemfanyia kazi akauawa akijaribu kumwokoa. Mukwege akaondoka na familia yake kwenda Ulaya. Nani angemlaumu? Ndipo akina mama wa kisiwa cha Idjwi, maskini kabisa, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wachange nauli ya ndege ya kumrudisha. Januari 2013 akarudi, na barabara kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu ikajaa watu. Tazameni vizuri jambo hilo. Hakujipa cheo, na serikali haikumpa. Walimdai wale aliowatibu, naye akakubali kudaiwa.

Vyeo vya serikali mvipime. Mwaka 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, Mobutu yule yule ambaye askari wake walimkamata Lumumba mwaka 1960, kabla ya kupelekwa Katanga kuuawa Januari 17, 1961. Lumumba alistahili heshima hiyo. Mkono ulioitoa ndio haukustahili.

Sasa turudi kwetu. Septemba 11, 2020, mvua kubwa ilinyesha, mashimo ya dhahabu ya Detroit, hapa Kamituga, yakajaa maji na kuporomoka. Wachimbaji wapatao 50 walihofiwa kufa. Wenzao ndio waliochimba matope kuwatafuta, wakijua udongo ule bado haujatulia. Mmewahi kuwataja popote? Septemba 2023 ugonjwa wa Mpox, ambao baadaye ulitambuliwa kuwa wa aina mpya, ulizuka hapa hapa Kamituga, kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza dharura mnamo Agosti 14, 2024. Wauguzi wa hospitali kuu waligusa vidonda ambavyo wengine walivikimbia. Na akina mama watwangaji wanaosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, wakivuta vumbi lile ili mtoto alipiwe shule, mnawapita kama vile ni sehemu ya kilima.

Ninawaomba haya. Mtu akijiita shujaa mbele yenu, mwulizeni ni nani aliyefika nyumbani mzima kwa ajili yake, na ni nani anayeweza kumkemea akakubali. Akikasirika kwa swali hilo, msimfuate porini. Na Septemba 11 ikifika, kabla ya kuwasha muziki, nendeni kwa wajane wa Detroit mkawaulize wanahitaji nini.