Ini Lijualo Kipimo Chake

Asubuhi sokoni Bunia, maturubai yakiwa bado yanadondosha umande, mwuza nyama huweka ini la ng'ombe juu ya ubao uliochakaa kwa mapanga. Sogea tulitazame pamoja. Wekundu wake umekoza hadi kukaribia zambarau, nalo ni laini na linang'aa kama jiwe lililookotwa sasa hivi katika maji ya mto Shari. Mwenye nyama ana haraka na kila kitu isipokuwa kifuko cha nyongo. Hicho hukishika kwa ncha za vidole, akakitenga na ini taratibu, pumzi kaizuia, maana kikipasuka uchungu umeshaingia na mteja hanunui tena. Akishakiweka kando ndipo hulikata ini vipande.

Ini la pale ubaoni likikatwa limekatika. Lakini lililo ndani ya mwili ulio hai lina habari nyingine, na habari hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame hapa.

Wazee wetu husema maneno makali hukata maini, na kweli, nani hajawahi kukatwa? Ajabu ni kwamba kiungo walichokipa kazi ya kubeba majeraha yetu mazito ndicho Muumba alichokijalia kupona kuliko viungo vyote vya tumboni. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na daktari aweza kuondoa zaidi ya nusu yake, kwa sababu ya ugonjwa au ili ndugu ampe ndugu. Wagonjwa wa Afrika Mashariki wamesafiri hadi India kwa tiba hiyo, mtoaji na mpokeaji wakalazwa pamoja, na baada ya miezi michache kila mmoja ana ini lililokaribia ukubwa unaomtosha.

Wala halirudi kama sombe, ambayo ukiichuma huchipua pale pale. Pande lililoondolewa halioti tena. Lile lililobaki ndilo hunenepa, seli zake zikigawanyika na kuipokea kazi ya zilizoondoka, kama ndugu waliobaki nyumbani wanavyolima na shamba la aliyekwenda, wala hawangoji kuombwa.

Ini halifanyi hayo peke yake. Mwaka 1967 watafiti Moolten na Bucher waliunganisha mkondo wa damu ya panya aliyekatwa ini na ya mwenzake mzima, na ini la yule mzima, ambalo kisu hakijaligusa, likaanza kujiandaa kukua. Msiba wa jirani ulikuwa umefika kwa njia ya damu. Thomas Starzl naye, daktari mpasuaji wa Marekani aliyefanya jaribio la kwanza la kumpandikiza binadamu ini mwaka 1963, katika miaka ya 1970 aliwachunguza mbwa ambao damu yao itokayo utumbo na kongosho ilikuwa imegeuziwa njia isipite kwenye ini. Seli zikasinyaa. Alipotia insulini, homoni ya kongosho, upande mmoja tu wa ini, upande huo ukastawi na wa pili ukazidi kunyauka, mithili ya shamba lililonyeshewa nusu.

Gogo haliendi ila kwa nyenzo, na kwa kulisaidia ini lililokatwa, nyenzo ambazo wataalamu wamezitafuta ni homoni kama hiyo ya kongosho. Iko hata ya tezi ya shingo, tezi ile ile ambayo kwa kukosa madini joto huvimba ikawa rovu, kama walivyoteseka watu wa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Kwa panya, homoni yake huziamsha seli za ini zigawanyike hata pasipo kisu. Kwa binadamu aliyepasuliwa haijawa tiba ya kawaida, maana ikizidi huuendesha moyo mbio. Nyenzo nzito hutaka mkono mwepesi.

Mimi, hata hivyo, kukua hakunishangazi kama kutulia. Saratani nayo hukua, tena kwa pupa, na ndiyo balaa yake. Ini dogo likipandikizwa katika mwili mkubwa hukua mpaka limtoshe mwenyeji wake, na hapo hukoma, bila kengele wala msimamizi tunayemwona, utadhani mtungi unaojazwa gizani na mtu aliyezoea sauti ya maji yanapokaribia shingo.

Mwuza nyama wetu ameweka kipande kwenye mizani. Anaongeza kidogo, anapunguza, anaongeza tena. Mama aliyesimama mbele yetu, kikapu mkononi, anacheka.

"Papa, bado haijafika."