Mnusuru Nduguyo Mwenye Kudhulumu

Watoto wa skuli wa miaka 12 na 13 wana dhulma yao, nasi wakubwa tumezoea kuipuuza. Twasema, "Huo ni mchezo wa watoto, utapita." Lakini je, yule anayeonewa kila siku, naye auona ni mchezo? Na huyo anayeonea tumfanye nini?

Nasema haya kwa ushahidi wa nafsi yangu, maana mimi nilikuwa katika hao waonevu. Darasani mwetu alikuwamo mtoto mwenye kigugumizi. Kila alipoinuliwa kusoma, niliuiga ulimi wake na darasa zima likaangua kicheko. Nilimbandika jina, hata wenziwe wakaliacha lile alilopewa na wazee wake. Mwalimu alinichapa mara mbili. Bakora zile zilinifunza jambo moja tu: nitazame kwanza kama mwalimu yuko karibu.

Aliyenizuia ni sahibu yangu niliyekaa naye dawati moja. Siku moja nilipoanza kuiga, yeye hakucheka. Alichukua mabuku yake, akenda akakaa na yule mtoto. Tulipotoka akaniambia, "Mimi ni rafiki yako, ndiyo maana sikucheka." Kesho yake akanichukua mpaka kwao yule mtoto, nikamtake radhi. Tulimkuta barazani akiwahadithia nduguze wadogo, na ulimi wake wenda kama maji. Hapo nilitahayari. Kumbe fundo la ulimi wake, sehemu kubwa tulilifunga sisi!

Nilipokua nikasoma, ndipo nilipofahamu kuwa sahibu yangu alitenda lile tulilofunzwa na Mtume s.a.w. Aliwaamrisha masahaba wamnusuru ndugu yao, awe amedhulumiwa au awe yeye ndiye mwenye kudhulumu. Wakamuuliza vipi watamnusuru mwenye kudhulumu. Akawajibu kuwa kumzuia na dhulma yake ndiko kumnusuru.

Basi mzazi anayemkingia kifua mwanawe na kusema, "Mwanangu hana makosa," hakumnusuru. Na anayempiga tu akamwacha, naye hakumnusuru, kwani amemthibitishia kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Asidhani mtu kuwa ila hii ni ya watoto peke yao, wala kuwa haina dawa. Abu Dharr r.a., sahaba mkubwa aliyesilimu mapema, alipata kumtukana mtu kwa mama yake. Mtume s.a.w. alimwambia wazi kuwa bado amebakiwa na ujahili, kisha akamfahamisha kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tulacho na tuwavishe tuvaacho. Baadaye alionekana huko Rabadha, yeye na mtumwa wake wamevaa nguo namna moja. Alipoulizwa sababu, hakujisifu kwa wema wake. Alikisimulia kisa cha kosa lake. Huruma ya kweli ndiyo hiyo: haikomei moyoni, huonekana mpaka katika nguo.

Na katika Suratul Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, tukatanabahishwa kuwa huenda anayechekwa akawa bora kuliko anayemcheka. Tena imepokewa kuwa asomaye Qur'ani kwa kutatizika, naye yamwia nzito, ana ujira mara mbili. Basi hisabu mwenyewe, ndugu msomaji: katika darasa lile ni nani aliyekuwa mbele, mimi au yule niliyemcheka?

Ukiletewa mashtaka ya mwanao, usiyakanushe kabla hujayasikiliza, wala usikimbilie bakora. Mshike mkono umpeleke kwa aliyemkosea, akatake radhi, arudishe alichochukua, kisha akae naye mpaka amjue. Na watoto wanaotazama tu, wafunze kuwa kicheko chao ndicho kinachompa nguvu mwonevu. Akikosa wa kumchekea, na akapata rafiki mmoja wa kumshika mkono, atarudi.

Mimi nilirudi. Yule mtoto ni rafiki yangu mpaka leo.