Wa Kwanza Kusema

Watu wa Nairobi wanapenda kusema kwamba mjini kila mtu na yake. Ukianguka, umeanguka, watu watakuruka kama dimbwi la maji wawahi matatu. Tunalisema kwa masikitiko, lakini pia kwa fahari fulani, kana kwamba kukosa huruma ni cheti cha kuwa mtu wa mjini kamili. Mimi ninaishi Ngong, na sioni kama maneno hayo ni kweli. Huku watu husimama. Boda mbili zikigongana karibu na soko, kabla vumbi halijatulia kuna watu thelathini. Hatujawahi kukosa watu. Tatizo ni kwamba hujui hao thelathini wamekuja kufanya nini, na mara nyingi wao wenyewe bado hawajui.

Chukua Kitengela, Jumapili ya tarehe 8 Agosti 2021. Vijana wanne waliuawa na umati eneo la Chuna baada ya wenyeji kuwashuku kuwa wezi wa mifugo. Familia zao zilisema walikuwa wametoka matembezi tu. Wafugaji wa eneo hilo walikuwa wamechoshwa na wizi, na mtu aliyewahi kuamka akakuta boma tupu hana subira ya kusikiliza maelezo ya wageni. Hilo ninalielewa. Lakini angalia kilichotokea kwanza, kabla ya mawe na marungu: watu walitoka. Waliacha shughuli zao wakaja mbio kwa sababu jirani yao alisemekana kuwa taabani. Ukikata hadithi hapo, katikati, huo ndio ujirani tunaousifu kwenye mazishi. Mtu amepiga kelele, na watu wameitika.

Ndiyo maana mahubiri ya "tupendane, tusaidiane" hayanitoshi katika jambo hili. Waliokuja Chuna walidhani wanasaidia. Swali linalonisumbua ni jingine: pale umati unapokusanyika, nani huamua kwamba linaloendelea ni wizi, au ugonjwa, au ugomvi wa mume na mke, au ajali? Kwa sababu likishapewa jina, mikono inafuata jina.

Kuna kisa cha New York ambacho kila mtu aliyesoma saikolojia kidogo anakijua. Mwaka 1964 mwanamke aitwaye Kitty Genovese aliuawa nje ya nyumba alimokuwa akiishi, na gazeti moja likaandika kwamba watu 38 walishuhudia bila kufanya lolote. Baadaye ikabainika hadithi ile ilitiwa chumvi. Wengi hawakuona, wengine walisikia kelele tu, na jirani mmoja alishuka akamshika mikononi akiwa anakufa. Lakini kisa kile kiliwafanya watafiti wawili, John Darley na Bibb Latané, wachunguze namna watu wanavyotenda wakiwa wengi. Moja ya waliyoyaona ni hili: mtu akiwa hana hakika, huwaangalia wenzake. Wenzake nao wanamwangalia yeye. Kila mmoja anaona nyuso tulivu, anahitimisha kwamba hakuna shida. Si ukatili. Ni watu wanaosubiri kuambiwa.

Hilo nililiona kwa macho yangu hapa steji, saa moja jioni, foleni ikiwa ndefu na mvua inanusia. Mwanaume wa makamo alianguka kando ya foleni, akaanza kutetemeka. Makanga mmoja akacheka, akasema, "Huyu wikendi yake imeanza mapema." Basi, ikawa ulevi. Watu wakasogea hatua mbili, wengine wakatoa simu. Labda sekunde ishirini zilipita, na sekunde ishirini ni nyingi sana mtu akigonga kichwa kwenye zege. Kisha mama anayeuza ndizi pale pembeni akaacha beseni lake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si pombe. Ni kifafa. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni." Nyuso zikabadilika mara moja. Yule yule makanga aliyecheka ndiye aliyevua koti akalikunja chini ya kichwa cha yule mzee. Wale wale wenye simu, mmoja akaanza kutafuta nambari ya ndugu yake. Hakuna aliyekuwa ameokoka katikati ya sekunde ya kumi na tisa na ya ishirini. Walibaki wale wale. Ila sasa walikuwa wameambiwa ni nini.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba neno moja linatosha kila mara. Kusaidia kwetu kuna bei, na wanaokuhimiza usimame hawakutajii bei hiyo. Ukimbeba majeruhi hadi hospitali, huenda dirishani ukaulizwa nani analipa amana, na jicho likaelekezwa kwako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maneno mazuri. Mwaka 2015 mgonjwa mmoja aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akisubiri kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafa. Hapo kuna polisi bado: utaandikisha taarifa, utaitwa shahidi, na kuna wakati utaangaliwa kama wewe ndiye uliyegonga, maana kwa nini mtu asiye na hatia ajisumbue hivyo? Halafu kuna mitego. Waulize madereva wanaopita barabara ya Kiserian kwenda Isinya usiku, watakuambia habari za "mwili" uliolala barabarani, na ukifungua mlango tu, kichakani wanatoka watatu. Mwanamke aliye peke yake garini saa tano za usiku akipita bila kusimama, mimi siwezi kumhukumu. Apige simu 999 akifika penye taa. Huo nao ni msaada.

Na haraka, jamani. Mwaka 1973 Darley na mwenzake Daniel Batson walifanya jaribio na wanafunzi wa seminari huko Princeton. Waliwatuma kwenda jengo jingine kutoa hotuba, baadhi yao wakiwa na mada ya Msamaria Mwema, na njiani wakawekewa mtu ameinama mlangoni anakohoa na kugumia. Walioambiwa wamechelewa, mmoja tu kati ya kumi alisimama. Waliokuwa na muda, zaidi ya nusu walisimama. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Nikifikiria mtu wa Kitengela anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazi Industrial Area, kazi ambayo dakika kumi za kuchelewa ni siku nzima kukatwa, naona maadili yake yameibwa na mtu ambaye hata hayuko pale barabarani.

Kuna na jambo la kutojuana. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Yaani ndani ya miaka kumi wameongezeka zaidi ya laki nne, wengi wao wakitua Kitengela, Rongai, Kiserian na hapa kwetu. Ploti ya jana ilikuwa malisho. Mwenye ng'ombe hamjui mwenye ghorofa, na mpangaji wa ghorofani hamjui wa chumba cha pili. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na walisema katika vijiji ambako mgeni alikuwa mmoja. Sasa sote tuna kamba. Mtu anapopiga kelele "mwizi!", hakuna mzee wa kusema, "Subirini, huyu ni mtoto wa fulani." Fulani mwenyewe yuko Kakamega au Nyeri.

Kwa hiyo ni rahisi kukata tamaa na umati, kuuona kama mnyama. Mimi sikubali. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa picha za kamera za barabarani kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ugomvi 219 wa hadharani. Katika tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja asiyehusika aliingilia kutuliza, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa mmoja kuingilia ulivyoongezeka. Cape Town si mji wa watu laini, lakini hata huko mtu husogea.

Na hapa nchini tunao mfano ambao kila nikiufikiria unanisumbua zaidi ya kunifariji. Novemba 2014, Mandera, al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria, wakaua 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, wakasimamisha basi jingine karibu na El Wak na kutaka vivyo hivyo. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Wanawake waliwapa wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Watu hawa hawakuwa jamaa. Walikuwa wamekata tiketi tu. Bunduki ziliwaambia "hawa ni Wakristo na hawa ni Waislamu", nao wakajibu kwa jina jingine: hawa ni abiria.

Kinachonisumbua ni hiki. Kule El Wak adui alikuwa mbele yao, ana silaha, anajulikana ni adui. Pale Chuna, yule ambaye angesema "ngojeni kwanza" alipaswa kuwaambia watu wake mwenyewe. Jirani anayemkopesha unga. Mwenye boma lililoibiwa. Sidhani kila aliyekuwepo alitaka damu. Katika kundi lolote kuna wenye shaka, na shaka hao huwa nayo kimya, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Ingetosha mmoja aseme kwa sauti, wa pili angeongeza. Au isingetosha, na leo tungekuwa tunahesabu watano. Siwezi kumwambia mtu nikiwa nimeketi hapa na chai yangu kwamba alipaswa kujaribu.

Ila ninajua angejibiwa nini, kwa sababu kila aliyewahi kuuliza swali mbele ya umati kama huo amejibiwa hivyo hivyo: "Kwani wewe unamjua?" Swali hilo hunyamazisha watu wengi kuliko rungu. Na jibu lake la kweli, kwa karibu kila mtu anayeishi Kitengela au Ngong leo, ni hapana, simjui.